Wali wa karamu unaanza na mbegu



Mupunga haukuanzia huku. Wafanyabiashara wa pwani, watu kama Tippu Tip, ndio waliuleta karne ya 19, wakaulima Nyangwe na Kasongo. Jeshi la Léopold II liliteka Kasongo mwaka 1893, utawala wao ukaisha; mupunga ukabaki. Mpaka leo, kwetu Kasongo, arusi ama Maulidi bila wali si karamu. Hata Azerbaijani, mbali kule kaskazini ya Iran, karamu ni pilau: wanaiita plov, na ukoko wake unapakuliwa kwa heshima.

Lakini sahani inaanza shambani. Mtu anarudi Kabambare, anakuta ghala tupu. Akipewa mbegu peke yake, ataitia chunguni, maana watoto wanalia. Nani atamlaumu?

Kwa hiyo, wafadhili: chakula na mbegu vifike pamoja, mbele ya mvua ya Septemba. Na sisi wanachama: ukivuna, rudisha kipimo kimoja kwa ghala ya chama, yule atakayerudi kesho apate pa kuanzia.