Amana ya Mgonjwa

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, mlio msikitini na mnaotusikiliza majumbani:

Katika mwaka wa 5 Hijria, sahaba Saad bin Muadh alipigwa mshale wa mkono katika vita vya Handaki. Mtume, rehema na amani zimfikie, aliamrisha apigiwe hema msikitini, apate kumzuru kwa karibu. Wapokezi wa sira wamtaja Bibi Rufaida wa kabila la Aslam kuwa ndiye aliyewauguza majeruhi hapo. Basi uuguzi ulipewa nafasi mahali pale pale pa kusujudia. Nasi leo tunazo zahanati na hospitali zilizojengwa kwa sadaka za waumini.

Lakini tujiulize: jina la dini lililoandikwa mlangoni lamtosha mgonjwa? Mama aliyeyaficha maradhi yake hata kwa ndugu zake huja akamfunulia mwuguzi. Jioni habari zake zikisikika barazani, mama yule hatarudi tena. Maradhi yatamla kimya kimya, na huenda yakamfisha. Hapo tutakuwa tumejenga nyumba ya dawa, tukasahau kuwalea watu wake.

Tabibu Abubakar Razi, aliyefariki mwaka 925, alimwandikia mwanafunzi wake waraka juu ya adabu za kazi hii. Alimwusia kuhifadhi siri za wagonjwa na kuwatibu maskini kama anavyowatibu matajiri. Hakumwachia kijana azibahatishe adabu hizo, alimfundisha. Na mwaka 1981, katika mkutano wa tiba ya Kiislamu uliofanyika Kuwait, kiliandikwa kiapo ambacho kwacho daktari huahidi kuwasitiri watu, na kumhudumia wa karibu na wa mbali, mwema na mkosefu, rafiki na adui.

Haya ndiyo yapasayo kufundishwa katika hospitali zetu, sambamba na elimu ya dawa: kuomba idhini kabla ya kumgusa mgonjwa, kumweleza hali yake kwa ukweli na upole, kutombagua asiye wa dini yetu, na kukiri kutojua, kisha kumpeleka kwa ajuaye zaidi. Mtume ametufunza kuwa anayetibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Mafunzo haya yamhusu daktari na mwuguzi, karani na mfagiaji, kwani wote huona na kusikia.

Enyi wazazi, tunapowaombea watoto wetu wawe matabibu, tuanze kuwafunza nyumbani kuuzuia ulimi. Nasi tunaozuru wagonjwa tuwape dua na faraja, tusiwapekue maradhi yao.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie kuwa waaminifu wa siri za waja wake. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.