Kumkosoa Mwanamichezo Mwanafunzi kwa Haki

Hotuba kwa mashabiki wa michezo ya shule na vyuo, Kinoru, Meru



Mechi ikimalizika katika uwanja wa Kinoru, mashabiki hutawanyika. Wengine huelekea Makutano, wengine Gakoromone, na wengine hupanda matatu za kurudi Nkubu na Maua. Kabla matatu haijajaa, simu zimeshatolewa mifukoni. "Kipa yule ameuza mechi." "Nambari tisa aende akapike, mpira si wake." Ujumbe unaandikwa kwa dakika moja na kusambazwa katika vikundi kumi vya WhatsApp kabla ya magharibi.

Kipa anayesemwa huenda ana miaka 17. Yuko kidato cha tatu. Hana mshahara, hana wakala wala msemaji. Siku ya pili yuko darasani na wenzake, na wote wameshayasoma yaliyoandikwa juu yake. Mama yake ameyasoma pia, kwa sababu jirani alimtumia.

Hakuna anayesema shabiki anyamaze. Michezo bila maoni hupoa, na mchezaji asiyekosolewa hakui. Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza. Kifungu hicho hicho kinamtaka anayetumia uhuru huo aheshimu haki na sifa za wengine. Shabiki mwenye haki huyabeba yote mawili.

Jambo la kwanza ni kukosoa mchezo, si mtu. Anayeandika kwamba mabeki walipanda mno kipindi cha pili, pasi ndefu zikapita nyuma yao, amesema jambo ambalo kocha anaweza kulirekebisha mazoezini. Anayeandika kwamba beki yule ni mjinga kama ukoo wao hajamsaidia kocha, timu wala beki. Sura ya mchezaji, umbo lake, kabila lake, umaskini wa kwao na jinsia yake havihusiani na mpira uliopotea.

Jambo la pili ni kujua mazingira kabla ya kuhukumu. Mwaka 2024 timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, ilikwenda Jamhuri ya Dominika. Ilikuwa timu ya kwanza ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA katika ngazi yoyote. Ilifungwa na Uingereza 2-0, kisha na Korea Kaskazini 3-0. Aliyetazama matokeo hayo pekee angeweza kusema wasichana wameaibisha nchi. Lakini Korea Kaskazini ndiyo iliyotwaa kombe, na Uingereza ilifika nusu fainali. Katika mechi ya mwisho ya kundi, wasichana wa Kenya waliifunga Mexico 2-1, ushindi ambao hakuna timu nyingine ya Kenya ilikuwa imeupata katika mashindano hayo. Shabiki aliyewatukana baada ya mechi ya pili alikuwa amehukumu kesi ikiwa nusu.

Hapa nyumbani hali ni hiyo hiyo. Katika michezo ya shule, timu huweza kucheza siku baada ya siku. Mchezaji huweza kuingia uwanjani na jeraha, au akiwa ametoka kwenye mitihani. Wazee wa Njuri Ncheke, ambao makao yao yako Nchiru, hawatoi uamuzi kabla ya kusikiliza pande zote. Shabiki wa Meru hahitaji kwenda mbali kujifunza utaratibu huo.

Jambo la tatu ni kupeleka lawama kwa mwenye mzigo. Mwezi wa Septemba 2017 Kenya ilipokonywa uenyeji wa mashindano ya CHAN ya mwaka 2018 kwa sababu maandalizi yalichelewa. Kinoru ulikuwa miongoni mwa viwanja vilivyokuwa vikikarabatiwa. Mwaka 2018 uwanja huo huo ulipokea sherehe za kitaifa za Madaraka, lakini CHAN ilikuwa imeshakwenda Morocco. Hakuna mchezaji aliyesababisha hasara hiyo. Vivyo hivyo, timu ya chuo ikikosa viatu, basi au daktari, swali ni la wasimamizi, nao ni watu wazima wanaoweza kulijibu. Ni rahisi kumpigia kelele mtoto aliyekosa penalti, lakini kelele hizo hazileti viatu.

Jambo la nne ni uongo. Baada ya mwanariadha Kelvin Kiptum kufariki katika ajali ya barabarani Februari 2024, watu mtandaoni walimsingizia Eliud Kipchoge kwamba alihusika. Kipchoge, bingwa wa Olimpiki mara mbili katika mbio za marathoni, alisema hadharani kwamba aliihofia familia yake. Ikiwa uzushi unaweza kumtikisa mtu wa kiwango hicho, mwanafunzi wa chuo atasimamaje? Neno "ameuza mechi" ni shtaka la jinai. Mwenye ushahidi aupeleke kwa waandaaji wa mashindano au polisi. Asiye nao asiliandike.

Na aliyepoteza pesa kwenye mkeka akumbuke kwamba aliyeamua kuziweka ni yeye. Mwanafunzi hakumwomba aweke dau, wala hana deni lake.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 kinaharamisha kumsumbua mtu mtandaoni. Adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi milioni 20, au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda aliye chini ya miaka 18 dhidi ya dhuluma, zikiwemo za mtandaoni. Lakini shabiki mwema hangoji kutishwa na sheria.

Kabla ya kutuma ujumbe, na ajiulize maswali manne. Je, niliiona mechi mwenyewe, au nimesimuliwa? Je, ninachosema kinaweza kurekebishwa mazoezini? Je, ni kweli? Je, ningeweza kumwambia mchezaji huyu maneno haya uso kwa uso, mama yake akiwa amesimama kando? Jibu la lolote likiwa la, ujumbe usitumwe. Hasira ikiwa bado moto, simu irudi mfukoni hadi kesho.

Wasimamizi wa vikundi vya WhatsApp na kurasa za Facebook waondoe matusi mapema na wasisambaze picha za mtoto aliyekosea. Mzazi au mwalimu akiona mtoto ameacha kula, amejitenga au hataki tena kwenda mazoezini baada ya mechi, akae naye azungumze naye, ahifadhi picha za ujumbe wa matusi, na apige simu ya msaada kwa watoto, nambari 116, ambayo hailipiwi.

Msimu ujao nyasi za Kinoru zitakanyagwa tena na vijana wa kaunti hii na majirani zao wa Embu na Tharaka Nithi. Baadhi yao watafungwa mabao ya kizembe. Shabiki atakayewaambia kosa lilipokuwa, kisha akarudi kuwatazama Jumamosi inayofuata, ndiye wanayemhitaji.