Kufundisha ni kazi moja, kuongoza masomo ni kazi ingine

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi na walimu vijana wa Kibua, Masisi na Walikale wanaoishi mujini



Najua wengi walizani tutaongea juu ya barabara ao usalama. Leo tunaongea juu ya mutu mumoja tu: mukubwa wa masomo. Direkta kwa primeri, prefe kwa segondari. Swali letu ni fupi: ile kazi, nani alimufundisha?

Tuangalie namna mutu anakuwa direkta kwetu. Anamaliza segondari ya pedagojia, anapata diplome ya Leta, ile D6 munayojua. Anaingia darasani, anafundisha miaka kumi, miaka kumi na tano. Anajulikana kuwa mwalimu muzuri, ao anajulikana tu. Siku moja barua inafika: wewe njo direkta. Asubuhi inayofuata anakaa kwenye kiti kingine, na hakuna mutu aliyemuonyesha hata siku moja namna ya kukikalia.

Sasa tuhesabu kazi zinazomungojea. Ya kwanza, karatasi za walimu. Orodha inayokwenda ku DINACOPE, ile zamani tuliita SECOPE, inaanzia kwenye meza yake. Munajua vizuri walimu wa NU, wanaofundisha bila Leta kuwalipa. Makosa ni mengi juu kabisa, hatukatai. Lakini dosie ya mwalimu ikitoka chini na jina limeandikwa vibaya, ao tarehe haipatane na barua ya kazi, inarudi nyuma, na mwalimu anangojea mwaka mwingine. Watoto wake nao wanangojea.

Ya pili, pesa. Katiba ya 2006, kipengele cha 43, inasema masomo ya primeri ni ya lazima na ya bure katika masomo ya Leta. Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza ile ahadi. Watoto walijaa madarasani. Lakini mukubwa wa masomo alibaki mwenye kununua chaki, kutengeneza mulango, kushika kidogo kinachofika, na kueleza wazazi kwa nini hakitoshi. Kama hajui kuandika kitabu cha pesa kinachosomeka na kila mutu, hata kama ni mutu mwaminifu, watu watasema amekula. Na kama amekula kweli, hakuna atakayeweza kuonyesha.

Ya tatu, na hii njo ya maana kushinda zote: kuingia darasani kwa mwalimu, kukaa nyuma, kuangalia namna anafundisha, kisha kukaa naye na kumusaidia. Hapa kwetu visite ya mukubwa inaogopwa kama visite ya polisi. Anaangalia kama fishi za somo ziko, anaweka cote, anatoka. Kumusaidia mwalimu wa mwaka wa kwanza mwenye watoto themanini mbele yake, ili wale watoto wajue kusoma mbele ya Krismasi, hiyo ni ufundi. Inafundishwa. Haishuki kutoka mbinguni pamoja na barua ya kuwekwa.

Ya ine, kulinda watoto. Mukubwa wa masomo wa Kibua njo anasimama mulangoni wakati watu wenye silaha wanataka kulala darasani ao wanatafuta vijana wa kubeba muzigo. Mwaka 2016 inchi yetu ilikubali Tangazo la Shule Salama, linaloomba askari na vikundi wasigeuze masomo kuwa kambi. Ni wakubwa wangapi wa masomo, kwenye barabara ya Nyabiondo, Kashebere mpaka Kibua, walipata hata nusu siku ya kueleza ile karatasi inasema nini na wafanye nini siku ile?

Munaona? Tunamupa mutu mumoja kazi ya karani, ya mutunza pesa, ya mwalimu wa walimu na ya mulinzi. Kisha tunashangaa masomo inaanguka.

Wengine watasema: mafunzo hayako katika inchi yetu. Apana. Yako. Katika ISP zetu kuna tawi la kuongoza na kusimamia masomo. Wengine kati yenu munalisoma sasa. Shida ni kwamba ile diplome haifungwe na kazi. Mutu anaweza kumaliza tawi lile na asipewe masomo hata moja, na mwenzake ambaye hakulipita anapewa kwa sababu ya mujomba, ya chama, ao ya kabila. Masomo mengi ya kwetu ni ya dini, Leta iliyarudishia makanisa kwa mapatano ya Februari 1977, kisha Mobutu kuyachukua miaka michache mbele. Koordinasio zina sauti kubwa katika kuweka wakubwa wa masomo. Hatugombane na kanisa. Bila kanisa, vijiji vingi vya kwetu havingekuwa na masomo. Lakini wale wenye kuchagua, wawe wa Leta ao wa dini, wanapaswa kuonyesha kipimo walichotumia.

Kwa jirani wamefanya nini? Tanzania waliweka chuo cha kufundisha viongozi wa elimu kule Bagamoyo tangu mwaka 1979. Leo kinaitwa ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, na kinatoa cheti na diploma kwa walimu wakuu. Kenya walianza chuo chao mwaka 1981, leo ni KEMI. Si kusema kule kila kitu ni kizuri. Hata kwao watu wanalalamika juu ya namna wakubwa wanachaguliwa. Lakini kule walishakubali jambo moja ambalo kwetu bado: kuongoza masomo ni kazi yenye elimu yake. Na si sisi peke yetu tuko na hili swali. Ripoti kubwa ya UNESCO juu ya elimu duniani, iliyotoka mwaka 2024, yote iliandikwa juu ya uongozi katika elimu.

Sasa, kuna maneno matatu ambayo nayasikia kila mara, na ni maneno yenye uzito. Tusiyaruke.

La kwanza: «Kibua haina madarasa yenye paa, walimu hawalipwi, na nyinyi munaleta mambo ya vyeti?» Ni kweli mwalimu mwenye njaa hatapona kwa kuwa mukubwa wake ana cheti. Mushahara njo wa kwanza, na hatutanyamaza juu yake. Lakini mabati yakifika kesho, ni nani atayapokea, atayaandika, atayalinda yasiende sokoni? Msaada ukifika mahali hapana mwenye kujua kuupokea, unapita kama maji kwenye kikapu.

La pili: «Cheti kitauzwa kama vitu vingine.» Woga huu ni wa haki. Tunaijua inchi yetu. Ndiyo maana hatuombe karatasi tupu. Tunaomba mafunzo yenye nusu yake kufanyika ndani ya masomo ya kweli, mwaka muzima pembeni ya direkta ao prefe mwenye uzoefu, na mutihani wa mwisho mbele ya inspekta, mwalimu wa ISP na mujumbe wa wazazi. Mutu aandike kitabu cha pesa mbele yao. Atengeneze dosie ya mwalimu mbele yao. Hiyo ni vigumu kuiuza. Na mafunzo yawe ya bure kwa mwenye kuchaguliwa, kwa sababu mutu akilipa ili apate kiti, atatafuta pesa yake kwa wazazi.

La tatu, na hili linaniuma kushinda: «Na wale wazee walioshika masomo wakati wa vita bila cheti, munawafukuza?» Wandugu, apana. Kuna wakubwa wa masomo kwetu ambao walihamisha madaftari kichwani, walifundisha watoto chini ya miti na ndani ya kanisa, walirudi kufungua milango wakati Leta yenyewe ilikuwa imekimbia. Kuwaambia leo kwamba hawana kitu ni matusi. Wao njo wapimwe kwanza kwa kazi waliyokwisha kufanya, wapewe cheti juu ya uzoefu wao, waongezewe kile kinachokosa, na kisha wao wenyewe wawe wafundishaji wa wale wanaokuja. Ni nani atamufundisha kijana namna ya kuongea na kamanda anayetaka darasa, kama si muzee aliyekwisha kufanya vile mara tatu?

Basi tunaomba nini? Mambo ine, na tunayaelekeza kwa ministeri ya elimu, kwa divisio na su-divisio zake, na kwa koordinasio zote.

Moja: kiti cha direkta ao prefe kikiwa wazi, kitangazwe. Kibandikwe ku su-divisio, ku parokia, ku soko. Kila mwenye sifa aweze kuomba, wanawake pamoja nao, maana kule kwetu mama anafundisha miaka ishirini na hakuna anayemuuliza kama anataka kuongoza.

Mbili: tangu tarehe itakayowekwa, asiwekwe mutu mupya bila cheti cha kuongoza masomo, na wale walioko wapewe miaka ya kutosha ya kukipata.

Tatu: mafunzo yafuate watu. Mwalimu wa Kibua hawezi kuacha darasa na familia mwaka muzima ili aje mujini, na barabara munaijua. Walimu wa ISP wapande wakati wa vakanse kubwa, wafundishie kulekule, Masisi, Walikale, na Kibua yenyewe usalama ukiruhusu.

Ine: mwenye cheti alipwe sawasawa na kazi yake. Tukimufundisha na kumwacha bila mushahara, ataondoka aende kwa ONG, na hatutakuwa na haki ya kumulaumu.

Na sisi vijana? Tusikae kungojea Kinshasa. Muko hapa wenye kusoma lile tawi la kuongoza masomo: musilifiche kama tawi la wale waliokosa nafasi kwingine. Muandike kazi zenu za mwisho juu ya masomo ya kwetu, muende kukaa kwa direkta mumoja mwezi muzima, mumusaidie kupanga karatasi za walimu wa NU. Hiyo peke yake inaweza kufungua mushahara wa mutu.

Na wote wenye wadogo, watoto ao mashangazi kule: kila masomo ina kamati ya wazazi, COPA, na baraza la kusimamia, COGES. Katika masomo mengi zinakutana tu siku ya kugawanya shida. Pigeni simu nyumbani wiki hii. Waambieni wazazi waulize kwa heshima, bila fujo, maswali matatu: mukubwa wetu alichaguliwa kwa kipimo gani? Kitabu cha pesa kiko wapi, na nani anakisoma? Walimu wangapi hawalipwi, na dosie zao zimefika wapi?

Majibu muandike, mutuletee. Tukiwa na majibu ya masomo kumi, tutakwenda ku divisio na karatasi mukononi, na watalazimika kutujibu juu ya karatasi.