MENDE, PANYA NA PUMU YA WATOTO WETU
(Mazungumzo mbele ya wanachama wa ushirika, Sitalike)



Leo hatuzungumzii bei ya mpunga. Tunazungumzia watoto wanaokesha wamekaa kitako kitandani, kifua kinalia kama filimbi.

Wazee mnakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Tulifundishwa malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu. Pumu haikuwamo. Basi tukabaki kusema ni baridi, au kunong'ona jina la jirani.

Ukweli ni huu. Mavi ya mende na magamba yake yakikauka huwa vumbi. Mkojo wa panya vivyo hivyo. Mtoto wa pumu ambaye mwili wake haupatani na vumbi hilo akilivuta, njia za hewa hubana. Mwaka 1997 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya kuwapima watoto 476 wa mijini wenye pumu. Wale waliodhurika na mende, tena wakalala penye mende wengi, walilazwa hospitali zaidi ya mara tatu ya wenzao.

Sasa tujiulize, magunia yetu yako wapi baada ya mavuno? Chumbani, na mtoto kalala kando yake. Tunaogopa wezi, ni kweli. Lakini panya hufuata punje, na mende hufuata makombo na ndoo isiyofunikwa.

Kosa kubwa zaidi tumelifanya sisi wenyewe. Tulichukua dawa ya tumbaku, na bomba lile lile, tukapuliza chumbani jioni, usiku tukalaza watoto humo. Mende wachache walikufa. Watoto wakabanwa zaidi. Dawa ya shamba ni ya shamba, jamani!

Magunia yatoke chumba cha mtoto, yawekwe juu ya chanja. Vyombo vioshwe kabla ya kulala, nyufa zizibwe kwa udongo. Ukifagia, nyunyiza maji kwanza, mtoto awe nje. Na moshi wa kuni usimfikie.

Ukiona mbavu zinadidimia, mtoto hawezi kusema wala kunyonya, au midomo inageuka rangi, usingoje kuche: zahanati mara moja. Kama ana dawa ya kuvuta, apewe hata njiani. Na kwa kuwa usiku viboko wa mto Katuma huwa njiani, mwenye mtoto wa pumu apatane na mwenye pikipiki leo, kungali mchana.