Neno Analolisikia Mtoto: Igizo Dhima, Akili Unde na Lugha ya Ustawi wa Jamii



Mwanafunzi wa ustawi wa jamii hujifunza kuhoji kwa igizo dhima: mmoja huwa afisa, mwenziwe huwa mteja. Siku hizi nafasi ya mteja yaweza kushikwa na programu ya akili unde. Hoja yangu ni moja: programu hiyo itafaa pale tu lugha yake itakapotoka kwa watu inaowaigiza.

Tuitazame Genkuru, wilayani Tarime, miongoni mwa Wakurya. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18, na katika wilaya hiyohiyo kituo cha Masanga kimewapokea wasichana wanaokimbia. Afisa akimuuliza mtoto, "Je, umetishiwa kukeketwa?", ametumia neno la sheria na la semina. Kitenzi hicho kimekwisha kumhukumu mama na bibi kabla mtoto hajajibu. Nyumbani yeye husikia esaro kwa Kikurya na tohara kwa Kiswahili, neno lilelile kwa kaka na kwa dada. Tena kisu si hofu yake pekee; analihofia pia jina omosagane, ambalo hubandikwa msichana asiyetahiriwa.

Tuseme basi mtoto huyo ajibu: "Mwezi wa kumi na mbili sitaki kuwa nyumbani." Afisa asiyejua kwamba Desemba ni msimu wa tohara ataipita kauli hiyo kama maneno ya likizo. Programu iliyolelewa kwa lugha ya magazeti itamrahisishia mwanafunzi kazi: itataja ukeketaji kwa jina lake, tena kwa sentensi kamili. Mtoto mwenye hofu huzunguka, au hunyamaza.

Siikatai mashine. Kosa la mwanafunzi mbele ya programu halimjeruhi mtoto, na laweza kurudiwa hadi lisahihishwe. Ila napendekeza mazungumzo ya mfano yatungwe na wanaisimu wakiketi pamoja na maafisa na wanawake wa Tarime, kwa Kikurya na kwa Kiswahili, na ukimya uhesabiwe kuwa jibu. Ushuhuda wa mtoto aliyekimbilia hifadhi usitolewe kuilisha mashine. Aliusema apate kulindwa.

Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipofanya kazi Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, wanakijiji ndio walioyaigiza matatizo yao. Chombo kimebadilika, haki ya kujisemea haijabadilika.