Transfo iliyoungua: nani anailipa?

(Maneno niliyotoa katika mkutano wa wanachama, Goma)

Mwenyekiti ameniomba nieleze kazi ya karakana yetu, ile iliyokaa juu ya mawe ya volkano ya 2002. Ripoti ya kawaida itakuja. Leo naongea juu ya ampli moja tu, kwa sababu imetugombanisha wiki mbili.

Ampli ile ni ya mama mmoja anayekodisha miziki kwa harusi na matanga. Ilikuwa inavuma, vuuum, hata ukishusha sauti yote. Vijana wetu waliorudi toka kambini waliipima vizuri, na hapo nawasifu. Mvumo unaobaki wakati sauti iko chini kabisa hautoki kwa mikrofoni. Mara nyingi unatoka kwa upande wa umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, diodi zinaugeuza kuwa mapigo 100 kwa sekunde, na kapasita kubwa njo inayalainisha. Ikikauka ndani, mapigo yanapita mpaka kwa bafle. Walibadilisha kapasita mbili, mvumo ukaisha. Watu wanaofufua mashine za michezo za miaka ya 1980 kule Japani na Ulaya wanakutana na ugonjwa ule ule: kapasita zimekauka, kitufe cha sauti kinakwaruza kwa vumbi. Na Goma vumbi tunayo!

Lakini upande wa kuume ulibaki kimya. Kipande cha TDA2030 kilikuwa kimekufa. Kijana mmoja akakitoa, akasude kingine, akakaza skrubu kwenye chuma cha kupooza, akawasha. Dakika chache, moshi. Transfo imeungua.

Bon, ilikuwa nini? Tulimfundisha kwa ampli za betri, volti 12, zenye TDA2003. Kwa hizo, mgongo wa chuma wa kile kipande ni masi, kwa hiyo unaufunga moja kwa moja kwa chuma, haina shida. Lakini kwa TDA2030 mgongo umeungana na mguu wa 3, upande hasi wa umeme. Ampli ya mama inatumia pande mbili, chanya na hasi, masi iko katikati. Hapo lazima uweke karatasi ya mika kati ya mgongo na chuma, pamoja na kizibo cha plastiki kwenye skrubu. Ile ya zamani ilikuwa na mika, nyembamba, imejaa mafuta meupe. Kijana aliipangusa pamoja na uchafu.

Sasa sikieni hii. Fiyuzi ingepaswa kukatika mara moja. Tulipofungua tulikuta waya wa shaba mahali pa fiyuzi. Sio kijana aliyeuweka. Mama naye anasema hajui. Alinunua ampli hivyo. Kumbe makosa yako mengi ndani ya sanduku moja, na moja ni langu: nilikuwa na haraka ya kuhesabu vyeti kabla ya tarehe ya ripoti, sikuuliza kama wamegusa ampli ya pande mbili hata mara moja.

Baadhi yenu mlisema kijana afukuzwe, au alipe peke yake. Baba zangu, mniwie radhi, mimi nakataa. Atalipa na nini? Alirudi na godoro na sufuria. Na wenzake wanaangalia: tukimlipisha yeye, siku ingine mtu akiunguza kitu atakirudisha kwa mwenyewe kimya kimya na kusema «ilikufa tu». Hapo njo tutapoteza wateja wote. Ninaomba kasa yetu ilipe transfo, kijana afanye kazi ya kuifunga bila malipo, mimi nitatoa fiyuzi na mika.

Kwa wafadhili nasema wazi: pesa yenu ya vifaa vya mafunzo siwezi kuigusa kwa deni hili, na sitaandika transfo kama «kifaa cha mafunzo». Ile nawaomba ni kubadilisha kitu kimoja kwenye orodha: punguzeni fulana, tupate multimeta ya pili.

Tena tunahitaji taa. Ukipitisha umeme wa ampli kupitia balbu ya zamani, ya wati 60 ao 100, ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ujue kuna shoti, unazima, transfo imepona. LED haifai, inapaswa ile ya waya ndani. Siku hizi ni ngumu kuipata sokoni. Mwenye nayo nyumbani, hata ya vumbi, atuletee.

Mama ana harusi Jumamosi. Transfo iko Birere, muuzaji ametuwekea mpaka kesho jioni.