KIPANDAUSO SI UVIVU



Mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, ni mji wa watu wanaodamka mapema na kulala wamechelewa. Pale Petite Barrière, mpakani na Goma, kwa miaka mingi maelfu ya watu wamekuwa wakivuka kwa miguu, wengi wao akina mama wenye mizigo vichwani. Katika Ziwa Kivu wavuvi wa sambaza hukesha na taa zao. Na kati ya watu hao wote husimama askari, usiku na mchana. Kwa watu wa kazi kama hizo upo ugonjwa mmoja unaodharauliwa mno. Ugonjwa huo ni kipandauso.

Kipandauso si kuumwa kichwa kwa kawaida. Ni ugonjwa wa ubongo. Maumivu hushika mara nyingi upande mmoja na kupiga kama ngoma. Mgonjwa hutapika, na hawezi kustahimili mwanga wala kelele. Lisipotibiwa, shambulio moja laweza kudumu tangu saa 4 hadi siku 3. Watu zaidi ya bilioni moja duniani wanao ugonjwa huu, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Anayeumwa kichwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, na angalau siku 8 kati ya hizo zikiwa za kipandauso, huhesabiwa kuwa na kipandauso sugu.

Mama wa mpakani akishikwa, hasara yake huonekana jioni ile ile: mboga zimenyauka na mfuko ni mtupu. Hasara ya askari hujificha. Yupo lindoni, jina lake limo katika orodha ya zamu, lakini nusu ya akili yake imetekwa na maumivu. Wako wagonjwa ambao, kabla ya maumivu kuanza, huona vimulimuli au hupotewa na sehemu ya uoni wao. Mtu wa namna hiyo akiwa ameshika usukani au bunduki, hatari si yake peke yake.

Kwa nini basi askari huficha? Ni kwa sababu ugonjwa huu hauna jeraha, wala hauonekani katika kipimo cha damu. Daktari huutambua kwa kusikiliza maelezo ya mgonjwa. Askari huchelea kuitwa mtegaji. Kwa hiyo hununua vidonge, akameza, akanyamaza. Hapo ndipo anapojichimbia shimo. Vidonge vya kawaida vya maumivu, vikimezwa siku 15 au zaidi kila mwezi kwa miezi kadhaa, huweza vyenyewe kuzidisha maumivu ya kichwa. Dawa za kuzuia mashambulio zipo, kama vile propranolol na amitriptyline, lakini hizo ni za kuandikiwa na mganga.

Hapana budi wakuu wa vikosi wayaelewe mambo haya. Kukosa usingizi, kupitiwa na saa za chakula na kukaukiwa maji huweza kuchochea shambulio, na yote matatu ni ya kawaida katika maisha ya lindo. Zamu iliyopangwa kwa utaratibu, chupa ya maji, na mlo kwa wakati wake havidhoofishi nidhamu. Askari naye na aandike siku anazoumwa na vidonge alivyomeza, amwonyeshe mganga. Lakini maumivu yanayozuka ghafla kwa ukali usio na kifani, au yanayofuatana na homa na shingo kukakamaa, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, ni ya kupelekwa hospitali mara moja.

Bunduki yenye kasoro hupelekwa kwa fundi, na hakuna anayeilaumu kwa uvivu. Askari anayesema mapema kwamba anaumwa ametimiza wajibu wake. Na mkuu anayemsikiliza amelinda kikosi chake kizima.